Kibanda cha Maimu

Tuliingia gizani, saa kumi za alfajiri,
tusije tukaonekana na wenye macho.
Kibanda cha mbao, upana wa majeneza mawili;
Maimu alisema hivyo mwenyewe, akacheka puani.
Miaka thelathini alisambaza barua vijiji vya Alutaguse.
Sasa anasubiri ya kwake.

Nje, theluji.
Juu ya theluji, mzoga wa nguruwe mwitu aliyegongwa na treni.
Juu ya mzoga, hakuna.

Subira huvuta heri, walinena waliokaa penye jua.
Yetu, kufikia saa nne, ilikuwa imevuta mafua,
ganzi ya vidole, na kahawa
iliyopoa kama ahadi ya mdeni.
Kunguru walikuja, wakala, wakagombana, wakaenda.
Maimu hakuwapiga hata picha moja.
"Kelele zao," alinong'ona, "kama posta siku ya pensheni."

Kisha: ko.
Ko-ko. Ko-ko-ko-ko-ko,
si msituni; ubaoni, sikioni pangu,
ukuta ukitetemeka kama kifua cha mwenye kikohozi.
Kigong'ota mweusi, kofia nyekundu,
ametuona gogo lililooza
lenye wadudu wawili ndani.

Lenzi ya Maimu, iliyomeza pensheni ya miezi kumi na minne,
haioni kitu kilicho chini ya hatua sita.
Naye alikuwa umbali wa ubao.
Vumbi la mbao likatuangukia magotini,
tundu likafunguka,
na tunduni jicho moja, jeupe-manjano,
likatutazama bila haraka,
kama mtu anayechagua picha.

Maimu akacheka.
Akaziba mdomo kwa kofia, akacheka zaidi,
machozi yakamlenga, kibanda kikayumba,
na ndipo tai akatua.
Hatukumwona akija. Tulisikia upepo ukikunjwa.
Kidole kilibonyeza kwa kicheko, si kwa shabaha,
mara moja.
Theluji ikabaki na alama za mbawa, na kimya.

Picha ipo. Imetundikwa jikoni kwake, juu ya meko:
manyoya saba ya ncha ya bawa, yametanuka kama vidole,
weupe mwingi,
na pembeni ukungu wa pumzi zetu.

Wageni huuliza, tai mwenyewe yuko wapi?
Maimu huinuka, huleta ubao alioung'oa kibandani,
huwashikisha, wenye tundu lake.

"Chungulia," huwaambia.