Toa Sita

Toleo jipya liliingia usiku, bila hodi,
Barabara ya Kumi na Nne imelala,
nami nimelala, modemu inakonyeza taa peke yake.

Asubuhi simu ya kwanza ilitoka Bombo, wodi ya wazazi:
"Kaka Mbelwa, saa yako imekufa.
Kompyuta inasema saba na mimi hata chai sijanywa."

Ya pili ni ghala la mkonge, kando ya reli,
karani Semkiwa, mwenye miwani ya kamba:
"Marobota ya saa nne yameandikwa kumi.
Dereva hatii sahihi. Njoo."

Ya tatu sikuipokea.

Kazi yangu ni ndogo: ukanda mmoja chini ya kioo,
jina lake Ukili,
unafunika saa waliyotuletea, unaweka yetu.
Jua likichomoza, thenashara. Maduka yakifunguliwa, mbili.
Watu mia mbili na kumi na saba wameupachika,
mmoja yuko Maskati, haandiki neno
ila "ahsante", kila Idi.

Wenye mfumo hawanijui. Katika karatasi zao
naitwa mtu wa tatu.
Wa kwanza ni wao, wa pili mnunuzi,
wa tatu ni huyu mpangaji wa chumba cha uani
aliyepigilia msumari ukutani atundike kalenda.
Kila mwaka mwenye nyumba huja na saruji
akausogeza ukuta.
Haji kunifukuza. Hajui kama nipo.

Nikafungua msimbo.
Juu kabisa bado kuna mkono wa Hoza,
aliyeuanza tulipokuwa Chumbageni,
kompyuta moja, feni moja, deni la vitumbua:
"Ukifika hapa usiguse. Ukigusa, nipigie."
Nimeshagusa mara saba.
Namba yake sasa anayo mwanamke wa Korogwe
ambaye hunijibu kwa upole kwamba nimekosea.

Mji huu una msemo wake: waja leo, waondoka leo.
Sikujua ulikuwa unasema matoleo.
La juzi liliniibia rangi. La jana lilihamisha mlango.
Hili limeziba dirisha lenyewe,
likabandika juu yake kwa adabu: Huna ruhusa.

Saa nane mchana umeme ukakatika.
Nilikula muhogo, nikahesabu vigae vya jirani,
nikanunua umeme ambao haukuwa umeisha.

Uliporudi nilijaribu mlango wa arifa. Ukagoma.
Nikajaribu jina la zamani, kwa herufi kubwa, kwa ndogo,
kwa matusi.
Magharibi ikapita, Isha ikapita,
ndipo nilipoukumbuka ule mlango wa pembeni
uliowekwa kwa ajili ya wasioona,
wale wanaosomewa kioo kwa sauti.
Huo hawakuthubutu kuuziba.
Nikapita nimeinama.

Na ndani, chini ya viraka vyangu vyote,
chini ya nyongeza na nyongeza ya nyongeza,
nikaikuta mistari miwili ya Hoza:
Toa sita.
Ikishuka chini ya moja, ongeza thenashara.

Hiyo haijaguswa, tangu Chumbageni.
Mfumo umebadili ngozi, mifupa, jina,
jua bado linatoka upande wa Raskazone
na bado ni sita, ya kutoa.

Nilituma saa tano na robo usiku.
Bombo wakaniletea picha ya saa, hakuna maneno.
Semkiwa yeye akaandika:
"Imerudi. Ila ukanda umekuwa mwembamba,
siusomi mpaka nikutanishe pua na kioo."

Ni kweli. Kesho nitaupanua.
Wa Maskati kimya; si Idi.

Nilipotaka kuzima, kioo kikaniuliza
kama niwashe upya sasa, au baadaye.
Nikabonyeza baadaye.