Matundu Mawili

Kabati lilitengenezwa kwa fahari,
mwanangu Radovan na rula yake ya chuma:
milango ikifungwa, hata unywele haupiti.
Juu yake tangi la lita mia mbili na arobaini,
diskasi sita, wa duara kama visahani vya chai,
wanaelea katika nyuzijoto ishirini na tisa
huku Ostrava nje inaganda
na moshi wa viwanda umelala juu ya theluji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi tuliziba kila ufa,
na ukuta ndio ulioanza kuoza.

Januari Bohumír akaanza kukohoa upya.
Mapafu yake nayajua: miaka ishirini na saba mgodini,
makaa yamo humo hadi leo, hakuna anayeyadai.
Lakini kikohozi hiki kilikuwa kigeni.
Kilikuja jioni tu, akikaa kwenye kiti chake
mbele ya samaki.
Daktari akauliza, "Nyumba yenu ina unyevu?"
Nikaona haya kama niliyeulizwa habari za chawa.
Mimi? Ninayepangusa hadi mgongo wa friji?

Nilipiga magoti, nikafungua kabati.
Harufu ikanipokea, ya gunia la viazi vilivyosahauliwa.
Nikatoa kopo la chakula, wavu, taulo lililogandamana,
na nyuma yake, juu ya mbao za unga
zilizovimba kama mkate uliochovywa kwenye maziwa,
kuvu.
Nyeusi, yenye manyoya, imetulia
kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Sikumwita Radovan. Nilimwita Bohumír.
Akachuchumaa, akanusa mara moja tu.
"Hewa imekufa humu," akasema,
kwa sauti ile ya zamani
aliyokuwa akirudi nayo nyumbani pamoja na nguo za kufua.
Chini kule, akasema, hakuna anayepigana na unyevu.
Unauonyesha njia ya kutokea.

Nilimfukuza jikoni, nikafungua madirisha,
nikavaa barakoa, nikaifuta kuvu kwa siki.
Nikakausha mbao kwa kikausha nywele changu
mpaka chenyewe kikanuka kuungua.
Kingo mbichi, zile Radovan alizoziacha
kwa kuwa "hazionekani", tukazipaka vanishi mara tatu.
Ndoo ya chujio ikapata mfuniko.
Nyaya tukazilegeza, zishuke kwanza ndipo zipande,
ili tone linalofuata waya lidondoke kwenye sinia
lisifike kwenye soketi.
Kisha akachukua keekee.

Tundu moja chini, kushoto: hewa baridi iingie.
Tundu la pili juu, nyuma, kulia: hewa iliyoshiba mvuke itoke.
Hapo akafunga feni ya kompyuta iliyokwisha kufa,
inanong'ona
kama mtu anayehesabu pesa zisizo zake.

Radovan alikuja Jumapili, akayaona.
Akasimama kama aliyekuta kaburi limechimbwa sebuleni.
Kipima unyevu kilisema hamsini na sita;
wiki iliyotangulia, tisini na moja.
Baba yake akamsogezea keki ya mbegu za mpopi.
"Kazi yako nzuri," akamwambia,
"ila uliisahau pua."

Kikohozi hakijaisha. Sikutarajia kiishe.
Kimerudi kuwa kile cha zamani, ninachokijua kwa jina.

Huamka saa nane usiku, pekupeku,
naenda kuweka kiganja kwenye tundu la juu:
pumzi vuguvugu, nyembamba, haikatiki.
Kisha narudi kitandani
na kiganja kilekile
nakiweka karibu na pua yake.