Mpira Uliopenya Sakafu

Saa saba usiku, Oulu. Theluji imefika madirishani
na Kerttu, miaka kumi na mitano, anaudondosha mpira
kwa mara ya arobaini.
Unashuka. Unaongeza kasi. Unaifikia sakafu,
unaipenya kana kwamba sakafu ni uvumi tu,
unazama chini ya dunia aliyoiumba mwenyewe,
kusiko na kitu, hata rangi.

Jana kosa lilikuwa alama ya kutoa:
uvutano ukaelekea juu, viti vikapaa.
Juzi pembetatu zilimpa kisogo,
nyumba nzima ikaonekana kwa ndani tu.

Anachora kwenye bahasha ya bili ya umeme:
mpira hapa. Halafu hapa. Katikati, hakuna.
Kompyuta haioni mwendo; inaona vituo.
Mpira haukuivunja sakafu.
Uliiruka,
kati ya kufumba na kufumbua.

Basi kila hatua anaikata mara nne.
Anaudondosha.
Unadunda.
Unadunda tena, chini kidogo, kisha chini zaidi,
unabingirika hadi ukutani, unatulia,
kivuli chake kimeugandama miguuni.
Miguu ipi? Anacheka peke yake.

Asubuhi, kituo cha basi, Eetu anamrushia donge la theluji.
Kerttu halikwepi. Analitazama likija,
lote, bila pengo hata moja,
mpaka linapompasukia kifuani.
"Umelala?"
"Nilikuwa nahesabu," anasema,
akijipangusa barafu shingoni.
"Sikufika mwisho."