Siku Tuliyoichagua

Barua ilisema: amefia upande wa kusini.
Haikutaja mto wala kilima,
wala kama kulikuwa na mvua.
Kusini ni nusu ya nchi.
Mama aliikunja mara nne, akaitia kwenye kopo la chai,
akarudi bondeni kupandikiza mpunga,
kwa kuwa miche haikai matanga.

Kwetu Ha Tinh marehemu hupikiwa siku aliyokufa.
Sasa huyu tumpikie lini?
Baba alifungua kalenda, akaifunga.
Mjomba akataja tarehe ya barua. Mama akamkatiza:
"Hiyo ni siku ya karani, si ya Khoat."
Basi tukachagua siku aliyoondoka,
kumi na sita, mwezi wa pili,
alipopanda lori lililovikwa matawi,
katambuga moja imefungwa kwa kamba,
akaniambia nisiguse baiskeli yake.
Niliigusa. Nilikuwa na miaka tisa.
Tangu hapo, nyumbani mwetu, kuaga na kufa
vinakula sahani moja:
wali, samaki mkavu, figili ya siki,
na pingili ya muwa wa kuchoma, ambao si chakula cha ibada
ila yeye angeuza shati kwa ajili yake.

Mama alikufa, kopo lile chini ya mto wake wa kulalia.
Mimi nikarithi barua na siku.

Ndipo akaja mzee Toan, mguu mmoja wake, mwingine wa mbao,
na ramani aliyoichora nyuma ya tangazo la sabuni:
hapa mkuyu, hapa kijito, hapa niliwafukia wawili
usiku mmoja, nikichimba kwa mfuniko wa sufuria.
Kila mmoja nilimwekea kifuani kichupa cha penisilini,
jina ndani, kizibo cha mpira.
Alisema hivyo bila kututazama.

Tukaenda Quang Tri. Mkuyu haukuwepo. Kijito kilikuwa kimehama.
Palikuwa na mipira, shamba zima la mipira,
imesimama kwa mistari kama gwaride,
kila shina na kikombe chake kiunoni.
Siku ya nne jembe liligonga kioo.
Kichupa kimoja. Mifupa ya kujaa ungo.
Na kikaratasi kilichokunywa maji,
wino umekuwa moshi, herufi tatu tu zimebaki:
HOA.

Nikasema: Khoat.
Mwanamke aliyekuja kwa basi kutoka Nam Dinh,
Bi Sen, aliyekuwa kachuchumaa ng'ambo ya shimo,
akasema polepole: Hoach.

Tukatazamana, dada wawili, kichupa kimoja.
Katika lugha yetu hoa ni ua.
Hakuna aliyelisema hilo.

Watu wa maabara walitufuta mate mashavuni kwa pamba,
wakatuambia tungoje.
Bi Sen alicheka mpaka akatoa leso.
Miezi kumi na minne. Jibu likaja: mfupa umechoka,
hausemi.

Akazikwa kwenye makaburi ya wilaya, safu ya saba,
chini ya jiwe lisemalo jina halijajulikana.
Mimi huja siku yangu, na muwa.
Bi Sen, ambaye kwao walichagua siku ya kuzaliwa,
huja mwezi wa tisa na sigara, humwashia moja.
Mtu mmoja, karamu mbili kwa mwaka.
Yule mwenzake aliyebaki chini ya mipira, wake au wangu,
hana hata jiwe lisilo na jina.

Mwaka huu niliivunja pingili vipande viwili.
Kimoja nimekiacha juu ya jiwe.
Kingine kimo mfukoni, na mimi nimo ndani ya basi,
utingo ananiuliza nashuka wapi,
nami namwambia mbele, mbele kidogo,
penye miti.