Namba Inaogopa Maji

Nilipewa lori, ngazi, spana ya kumi na tisa,
na Tsofa wa kushika ngazi.
Kazi: kung'oa B8 zote, kuanzia Malindi,
na mahali pake kupiga A7.
Barabara ni ile ile.
Shimo la hapo kituo cha mafuta liko pale pale,
limepandishwa cheo nalo.
"Herufi imepanda, namba imeshuka," Tsofa akasema,
"kama mtu aliyepewa ukubwa akakatwa mshahara."

Daraja la Sabaki, kibao kinasema: GARSEN 108.
Tukavuka, tukaenda kilomita tatu,
kingine kikasema: GARSEN 110.
Nikampigia karani. Akanijibu, kaza vyote viwili,
vimo kwenye karatasi.
Basi yuko mtu huko njiani, anatembea kwenda Garsen
na Garsen inamkimbia.

Mambrui tuliwapelekea MAMBURI.
Bi Nyevu, muuza mahamri mkabala na nguzo,
alikitazama, mikono ina unga, asiseme neno.
Akaokota mkaa jikoni mwake
akachora mshale mdogo: R ipite, U ingoje.
Mvua ikafuta.
Akachora tena. Tuliporudi wiki ya tatu
alikuwa bado anaidai R haki yake ya kupita.

Gongoni chumvi hula bati.
Haili yote: huanza na mji, huacha kilomita.
Nimeona nguzo imesimama na 41 peke yake,
arubaini na moja kwenda wapi, Mungu ajua.
Na lile tangazo la MATUTA MBELE
limechimbiwa hatua thelathini baada ya tuta,
anayelisoma keshagonga kichwa darini.

Siku ile niko juu ya ngazi, A7 kwapani,
ambulansi ikasimama chini yangu.
Dereva mgeni, jasho mpaka kwenye nyusi:
"Kaka, nimeambiwa nifuate A7. Iko wapi?"
Nikaitazama barabara. Nikakitazama kibao.
Tsofa ndiye aliyeuliza: "Mgonjwa yuko wapi?"
"Mkoroshoni."
"Ah! Mbele, kulia, ukipita msikiti wa mabati."
Mkorosho wenyewe ulikatwa kabla Tsofa hajazaliwa.
Ving'ora vikapotea upande ule,
nami nikaikaza A7, nati nne,
kwa aibu kidogo.

B8 za zamani tulitakiwa kuzirudisha bohari.
Tulirudisha mbili.
Moja ni mlango wa banda la kuku, Marereni,
kwa mzee Dzendere, na kuku wanajua anwani yao.
Moja imefunika pipa. Moja sitaisema,
mwenyewe ni mke wa askari.

Kwenye kona ya Garsen tukaiacha A7, tukashika ya Lamu
na vibao vyake vingine, mpaka Mokowe, lami ikaisha.
Sikusema ilifika. Iliisha,
kama sentensi ya mtu aliyeitwa nje.
Kibao cha mwisho kimeandikwa LAMU,
na mshale wa mbele, ule unaoelekea juu.
Nikakifunga. Ng'ambo ya mkondo Lamu yenyewe
imekaa, haina gari la kukisoma.
Shebwana, mwenye boti, akaja kusimama chini yake.
"Hizo kilomita zenu, na maji mmeyahesabu?"
Nikafungua karatasi. Maji hayamo.
"Basi namba yenu inaogopa maji," akasema,
akaenda kuita abiria.

Mtoto aliyepakatwa kwenye gunia la vitunguu
akaufuata mshale kwa kidole, polepole,
akapita ukingo wa bati, akaendelea.
"Mama, Lamu iko mbinguni?"
Mama akamwambia anyamaze, boti inajaa.

Tsofa akakunja ngazi.
Mfukoni nimebaki na nati moja
isiyo ya kibao chochote.