Kiputo Kipi?

Barua ya wakili ililetwa na bawabu wa mchana,
karatasi nzito, kama kadi ya arusi.
Nikamsomea mama palepale uani,
mikono yake ndani ya beseni hadi viwikoni:
kwamba nyumba arubaini za Rosalba, kule Kasuarina,
hazitamalizwa; kwamba wenye madai wasubiri;
kwamba biashara yote, kwa ufupi, ilikuwa kiputo.

"Kiputo kipi?" mama akauliza.

Mama anaitwa Nyevu. Miaka ishirini na sita
anafua mashuka ya wageni,
na jina lake halijampa nafasi ya kukauka.
Viputo anavijua kwa ukoo na kwa tabia.
Vya sabuni ya kipande ni vizito, vivivu, vinakaa.
Vya sabuni ya unga vina kelele kama watu wa matanga,
vinaondoka kabla uchafu haujaondoka.
Maji ya kisima chetu, Muyeye, yana chumvi,
hayatoi kitu hata uyabembeleze.
"Povu si usafi," aliwahi kuniambia,
"povu ni sabuni inajisifu."

Basi kipi?
Kile cha dripu, usiku ule wodini, baba amelala chali,
muuguzi akigonga mrija kwa ukucha, tik, tik,
kwa kuwa hewa hiihii tunayoiombea kifua
ikipita mlango usio wake ni mauti?
Au kile cha kiganjani, lengelenge la dawa ya madoa,
alilolitoboa kwa sindano akaendelea kufua?
Au povu la mnazi masharubuni mwa Mwaringa,
akiapa atamfuata tajiri mpaka Roma,
na asubuhi hakumbuki Roma iko upande gani?

Mimi niliishi ndani ya kimoja.
Nilikuwa karani wa mauzo, shati jeupe (alilifua yeye),
nikiwaonyesha wateja bahari
kupitia dirisha la ukuta ambao haujajengwa.
Ploti Jumatatu laki tatu, Ijumaa laki nane.
Ukiwa ndani huoni ngozi ya kiputo;
unaona rangi za upinde wa mvua,
na uso wako, mkubwa kuliko kichwa chako.
Nikamwita ndugu yangu Kahindi: acha vibarua vya Watamu,
njoo Rosalba, hela zipo.
Miezi saba hakulipwa.

Hilo sikumsomea mama. Halikuwemo baruani.

Kahindi alipoondoka kule hakuiba simenti wala nyaya.
Alibeba pimamaji yake mwenyewe, ya manjano,
kioo kidogo, maji ya kijani, na ndani yake
kiputo kimoja, kama punje ya mtama.
"Hiki huwezi kukihonga," alisema.
Hakunitazama aliposema.

Jioni akaja. Hakuna aliyeitaja barua.
Akailaza pimamaji juu ya meza ya chakula,
kiputo kikakimbilia upande wangu,
kikajibana nchani kama mtoto aliyevunja sahani.
Kahindi akaikunja ile karatasi nzito mara nne,
akainama, akaisukuma
chini ya mguu wa meza, upande wake.
Kiputo kikatoka, kikasita,
kikasimama kati ya mistari miwili, kinatetemeka.

Mama akafuta mikono kwa leso, akamimina chai.
Juu ya kikombe changu vikazunguka viputo vitatu vya maziwa.
"Pesa hizo," akasema. "Zinywe upesi."