Kati ya Mbili na Nane

Friji la zahanati yetu, Kigogo,
lina mngurumo wa paka aliyeshiba.
Miaka sita nalinda geti hili,
mngurumo huo ndio unaonibembeleza.
Kwa hiyo usiku wa jana sikuamshwa na kelele.
Niliamshwa na ukimya.

Baa ya jirani ilikatika katikati ya kiitikio.
Mtu gizani akatukana umeme na ukoo wake wote.
Uniti za luku nilizisoma jioni, zipo.
Si sisi basi. Ni laini nzima, hadi Mburahati.

Nikampigia Sista Editruda, saa nane na robo.
"Kaka Mwinjuma, usilifungue. Nakuja."
Hilo tu. Hata salamu hakunipa.

Tukakaa kwenye benchi la kina mama,
mimi na rungu langu,
yeye na khanga juu ya gauni la kulalia,
kama ndugu wa mgonjwa aliyeingizwa kupasuliwa.
Kila baada ya muda anamulika kipimajoto cha mlangoni:
nne. Nne na nusu. Tano. Sita.
"Kati ya mbili na nane," akasema,
"humo ndimo wanamoishi watoto wa mtaa huu."
Nikadhani anataja saa.
Akacheka, mara moja, kisha akamulika tena.

Ilipogonga saba akatoa sanduku la baridi.
Barafu haiingizwi ikiwa ngumu, hilo sikulijua.
Iache itoe jasho. Itikise sikioni.
Ukisikia maji yanacheza ndani, tayari.
Maana chanjo zina maringo ya bi harusi:
joto linaziua,
na ziko ambazo zikiganda pia zimekufa.
Akanipa chupa moja nimshikie,
fupi kuliko kidole changu cha mwisho.
"Hiyo ya surua," akasema. "Taratibu."

Kwetu Kisarawe jina hilo halikutajwa ndani ya nyumba.
Mama aliiita mgeni.
Mgeni alikuja mwaka wa mvua mbaya,
akalala mkekani na mdogo wangu Pazi siku tisa.
Tulichemsha mwarobaini, tukaziba dirisha kwa blanketi.
Macho yake yakawa mekundu
kama ya mpishi wa kuni mbichi.
Alikuwa na miaka miwili. Alipenda kukalia kinu.
Hadi uzeeni, mama akiulizwa ana watoto wangapi,
alihesabu kwa vidole,
na akifika cha nne alikiruka
kama mtu anayeruka dimbwi na viatu vya sikukuu.

Chupa ilikuwa baridi kiganjani.
"Humo mna watoto kumi," akasema Sista.
Nikamrudishia kwa mikono miwili,
ingawa mmoja ungetosha.

Umeme ulirudi saa kumi na moja kasoro.
Mtaa ukapiga ukelele, "Huooo!"
na baa ikadakia kiitikio palepale ilipokiachia.
Friji likakohoa, likaanza kunguruma.
Sista hakulitazama. Alikaa na sanduku mapajani
akingoja namba ishuke.

Saa mbili wakaja, na kadi zao ndani ya mifuko ya nailoni.
Mzani unaning'inia dirishani,
mtoto mmoja akapimwa, akaukojolea.
Baba mmoja, fundi wa kuchomelea, madoa ya moto kwenye shati,
amembeba wake kama anayebeba kioo.
Mama mmoja akafoka:
"Nesi, mbona leo mmechelewa hivi? Mnalala sana nyie!"
Sista Editruda akafikicha macho.
"Nisamehe, mama. Usingizi."

Zamu yangu ilikwisha zamani, lakini sikuondoka.
Nilijinyoosha kibandani, kofia usoni.
Kilio cha kwanza kikapasua korido.
Kisha cha pili, kikali, cha mtu aliyesalitiwa.
Nikakunja kidole. Cha tatu, nikakunja.
Wa nne alilia kuwashinda wote,
alilia kama anadai kitu chake.
Sikumruka.